Nyayo za Kipindupindu Tangu Makka Hata Unguja

Ugonjwa unapoingia katika nchi na kuua watu wengi kwa siku chache, swali la kwanza vinywani mwa watu ni hili: Nani ametuletea? Swali hilo limewaangamiza wengi wasio na hatia, maana jibu lake huwa mgeni, au mtu wa kabila lingine, au kikongwe asiye na wa kumtetea. Lakini liko swali jingine, nalo halimtafuti mtu bali njia: Ugonjwa huu ulikuwa wapi juzi, na jana, na kutoka huko hata hapa ni mwendo wa siku ngapi? Twataka kuwasimulia wasomaji jinsi swali hili la pili lilivyoulizwa huku kwetu Afrika ya Mashariki, sasa yapata miaka 150 na zaidi, na jinsi lilivyojibiwa na watu ambao majina yao hatuyajui.

Kuchunguza maradhi si jambo jipya. Wasomaji wa Torati wanakumbuka jinsi kuhani alivyoamriwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi amtazame mwenye alama mwilini, amtenge siku saba, kisha amtazame tena. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo waitwa Dubrovnik, uliamuru wageni watokao katika nchi zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku zikawa 40, na katika neno la Kiitaliano la arobaini tumepata neno letu karantini. Walakini kutenga ni kuungoja ugonjwa mlangoni. Kuufuata nyuma hata kuzijua njia zake ni kazi nyingine, nayo ilichelewa sana kuanza.

Kipindupindu ndicho kilichowafundisha watu kazi hiyo, kwa kuwa mwendo wake ni wa haraka, tena ni wa kuhesabika. Siku hizi twajua kwamba huletwa na kijidudu kiingiacho mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mwenye ugonjwa. Mtu akikimeza, dalili huonekana baada ya saa 12 hata siku 5. Huhara maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele, hutapika, macho hudidimia, na asiporudishiwa maji na chumvi mwilini aweza kufa kabla jua halijachwa. Lakini wengi waliokimeza hawaugui kamwe, ila hukitoa chooni kwa muda wa siku 1 hata 10, na siku hizo zote wanasafiri, wanateka maji, wanapika, wala hawana habari. Ndiyo sababu watu wa kale waliona kana kwamba ugonjwa waruka hewani. Kumbe ulikuwa ukitembea kwa miguu, kituo kwa kituo, na aliyetaka kuujua ilimpasa ahesabu vituo.

Mwaka 1817 kipindupindu kilitoka Bengali katika Bara Hindi kikaanza kuenea. Mwaka 1821 kilikuwa Maskati, na mwaka huo huo kikafika Unguja. Njia hiyo haina fumbo, maana majahazi ya Oman yalikuwa yakija kila mwaka na upepo wa kaskazi, na waliokuwamo walikunywa maji ya mapipa yale yale. Kikaja tena miaka ya 1836 na 1837, na tena 1858 na 1859. Msafiri Burton, aliyefika Kilwa mwanzo wa mwaka 1859, aliandika jinsi alivyoukuta mji ule umejaa mauti. Basi wenyeji wa pwani wakazoea kudhani kwamba kipindupindu ni mtoto wa bahari, na anayeilinda bandari ameilinda nchi.

Mwaka 1865 mambo yaligeuka kwa ajili ya meli za moshi. Mwaka ule mahujaji waliokusanyika Makka wakadiriwa kuwa 90,000, na kipindupindu kikawashukia. Wahesabiwa wapata 15,000 waliokufa. Waliosalia walikimbilia Jidda kutafuta vyombo. Hapo zamani, hija ya kurudi Misri kwa ngamia ilikuwa safari ya majuma mengi, na jangwa lenyewe lilikuwa karantini: mgonjwa alikufa au alipona kabla ya kuziona nyumba za Suez. Sasa meli za moshi ziliwafikisha kwa siku chache. Imeandikwa kwamba nahodha wa meli iliyotangulia kufika Suez mwezi wa Mei alitoa habari kuwa waliozikwa baharini walikufa kwa maradhi ya kawaida tu. Siku chache baadaye yeye mwenyewe na mkewe walishikwa na kipindupindu. Kutoka Suez abiria walipanda gari la moshi hata Iskanderia, na kwa muda wa miezi mitatu Misri ikapoteza watu wapata 60,000. Kikavuka hata Stambuli na Marseilles, na mwaka 1866 kilikuwa New York.

Wala msomaji asidhani kwamba twayaandika haya ili kuilaumu hija. Kipindupindu hakiulizi mtu anasali wapi. Kimewaua Wakristo katika miji ya Ulaya kwa maelfu, na hapo kilipowaua London mwaka 1854, daktari John Snow alizihesabu nyumba za waliokufa akaona zimelizunguka bomba moja la maji katika Broad Street. Watu wakikusanyika mahali pamoja wakinywa maji ya mahali pamoja, mlango uko wazi, iwe ni hija, ni soko, ni jeshi, au ni mkutano wetu wa injili wenye pipa moja na kikombe kimoja.

Dola za Ulaya ziliingiwa na hofu. Mwaka 1851 wajumbe wa nchi 12 walikuwa wamekutana Paris wakabishana miezi sita, wasipatane hata kama ugonjwa huu waambukizwa au sivyo. Walipokutana tena Stambuli mwaka 1866 walikubali kwamba binadamu ndiye aubebaye, na kwamba hauendi upesi kuliko yeye aendavyo. Wakashauriana jinsi ya kuwazuia wasafiri wa Bahari ya Sham, ili Ulaya isalimike. Ya nchi kavu ya Afrika hawakuyaona kuwa yanawahusu. Walikuwa wakiulinda mlango wa mbele wa nyumba, na huku nyuma ugonjwa umekwisha kutoka uani.

Mwezi wa Novemba 1869 kipindupindu kilizuka katika mji wa Unguja. Alikuwako huko daktari mmoja kutoka Uingereza, jina lake James Christie, aliyekuwa mganga wa Sultani. Wengi walitazama bahari kama ilivyo desturi. Lakini hebu yaangalie majira: mwezi wa Novemba majahazi ya Bara Arabu na Bara Hindi yalikuwa bado kufika, maana kaskazi ndiyo kwanza yaanza. Tena habari zilikuwa zimekwisha kuja kwamba Pangani ulitangulia kuugua. Na Pangani ni mlango wa bara. Ndipo Christie alipoligeuza swali. Hakuuliza ni chombo gani kilichouleta ugonjwa, bali ni msafara gani.

Misafara ya Pangani na Mombasa ilikuwa ikienda Umasai kununua pembe za ndovu kwa nyaya, shanga na nguo. Viongozi wake hawakuwa na ramani wala saa, lakini safari yote ilikuwa vichwani mwao: wapi pana maji, wapi pana kiu siku mbili, wapi watu ni wakali, na kutoka kambi hii hata ile ni mwendo gani. Mtu asiyejua mambo hayo hawezi kurudi hai. Christie hakufika Umasai. Alikaa Unguja akawauliza waliofika, mmoja mmoja, akayalinganisha maneno ya huyu na ya yule. Wakamweleza kwamba ugonjwa waliukuta huko huko bara. Wamasai walikuwa wanakufa kabla msafara haujafika, nao walisema umewajia kutoka nchi za kaskazini. Wasafiri wakageuka kurudi pwani nao uko katikati yao.

Kwa kuunganisha habari hizo na nyingine zilizotoka Uhabeshi, Christie aliweza kuandika njia yote. Kutoka Makka mwaka 1865 ugonjwa ulivuka Bahari ya Sham ukashuka Massawa, ukapanda Uhabeshi, ukapita katika nchi za Wagala, ukawafikia wafugaji wa kaskazini ya Umasai, mwaka 1869 ukawa Umasai kwenyewe, kisha Pangani, kisha Unguja. Miaka minne kwa nchi kavu, na hali kwa chombo chenye upepo mwema ingalikuwa safari ya majuma machache. Kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka 1876, na katika jina lake alitaja kwamba ataeleza jiografia, makabila na njia za biashara za nchi ulimopita ugonjwa. Aliona vema. Mtu asiyejua nani humuuzia nani ng'ombe hawezi kujua kipindupindu kitalala wapi kesho.

Kwa maoni yetu sehemu iliyo dhaifu katika njia hiyo ni ya katikati, katika nchi za Wagala, maana watu wa Pangani hawakufika huko. Waliyasikia kwa waliosikia. Lakini mwisho wake, kutoka Umasai hata Unguja, una mashahidi walioona kwa macho. Tena jambo moja latusikitisha. Jina la daktari lajulikana hata leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani, wala hatumwonei kijicho, maana kazi aliifanya. Lakini kila mstari wa ramani ile ulichorwa kwanza kwa nyayo za wapagazi na kumbukumbu za viongozi wa misafara, na hao wamekuwa kama chumvi iliyoyeyuka mchuzini.

Ugonjwa haukukoma Unguja. Mji ulikuwa umesongamana, visima vilikuwa vifupi, na uchafu wa watu ulikuwa juu yake. Wakafa maelfu, na walio wengi walikuwa watumwa na maskini, ambao hawakuwa na uchaguzi wa maji ya kunywa. Kwa majahazi ukashuka Kilwa na kusini zaidi hata Msumbiji. Kwa misafara ukarudi bara kwa njia nyingine, njia kuu ya Unyanyembe na Ujiji, ukavuka ziwa Tanganyika. Dr. Livingstone alikuwa Manyema mwaka 1870, mbali sana na bahari, na huko huko habari za kipindupindu cha Unguja zikamfikia, kisha ugonjwa wenyewe. Hata wapagazi waliotumwa kumpelekea vifaa walipatwa njiani, wengine wakafa. Basi ugonjwa ulioingia pwani kwa njia ya pembe za Umasai ulitoka pwani kwa njia ya pembe za Manyema. Miaka iliyofuata Seyyid Barghash alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hata mjini Unguja, na tendo hilo laonekana kwetu kuwa dawa kubwa kuliko dawa zote zilizokuwa katika kasha la daktari siku zile.

Kuna habari nyingine ya mwaka 1870, nayo tutaitaja kwa kuwa yahusu lugha yetu. Mwaka ule Unguja iliingiwa na homa ya kuvunja viungo, na wazee wakasema wameiona zamani, wakaiita kidinga pepo. Christie aliifuata nayo jinsi ilivyovuka kwenda Bara Hindi. Wako wataalamu wasemao kwamba jina dengue, litumiwalo duniani kote, limetokana na neno hilo la Kiswahili, ijapokuwa wengine hawakubali. Wengine tena wadhani kwamba homa ile ilikuwa ni chikungunya, nalo ni neno la Kimakonde, lililojulikana tangu maradhi ya mwaka 1952 huko Newala.

Tangu siku za Christie kazi ya kufuatilia maradhi imekua. Mwaka 1925 Shirikisho la Mataifa lilifungua ofisi Singapore, ikipokea kwa simu habari za bandari za Asia na za Afrika ya Mashariki, na kuzitangaza kila juma. Mwaka 1948 likaanzishwa Shirika la Afya Duniani. Lakini simu na ofisi hazimponyi mwenye kuficha, na nahodha yule wa Suez amepata wanafunzi wengi. Mwaka 1970 kipindupindu cha namna mpya, kilichotokea katika kisiwa cha Sulawesi mwaka 1961, kiliingia Afrika ya Magharibi kwa njia ya Guinea. Serikali ya huko haikutangaza, na hatimaye Shirika la Afya likalazimika kutangaza lenyewe. Katika muda wa miezi michache nchi nyingi zikaugua, na jirani hawakuwa wamejiweka tayari.

Lakini wenye kuficha tusiwahukumu upesi kabla ya kuijua hofu yao. Mwezi wa Desemba 1997 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wavuvi wa ziwa Victoria waliona bei ya sangara ikianguka, na wenye viwanda wakafunga milango, hata katazo lilipoondolewa mwaka 1998. Anayesema kweli huvunjiwa soko, na aliyenyamaza huendelea kuuza. Maadamu ni hivyo, ni nani atakayekuwa mwepesi wa kusema? Kanuni za Afya za mataifa zilizotengenezwa upya mwaka 2005, zikaanza kutumika mwaka 2007, zimejaribu kulinyosha jambo hili: Shirika laruhusiwa kusikiliza habari kutoka kwa wengine pasipo kuingoja serikali, na nchi zaagizwa zisizuie safari na biashara kupita kiasi. Kuandika kanuni ni rahisi kuliko kuishika.

Mahali ambapo kazi hii ilishinda kabisa ni katika ndui. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imebaki katika nchi ya Somalia tu, miongoni mwa wafugaji wahamao na ngamia wao. Watafutaji walikwenda kambi kwa kambi na kisima kwa kisima, mkononi wana picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza, "Mmeona mtu wa namna hii?" Ni swali la Christie, isipokuwa hawa walitoka nje ya mji. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui katika mwendo wake wa kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca. Aliupata kwa kupanda gari muda mfupi pamoja na wagonjwa wawili, akiwaonyesha njia ya kwenda kambi ya karantini. Akaanza kuugua mwezi wa Oktoba 1977, akapona, na waliomkaribia wakatafutwa wote, wakachanjwa. Mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin mwenyewe baadaye alikuwa mtu wa kuwashauri wazazi juu ya chanjo ya polio, na katika kazi hiyo akafa kwa malaria mwaka 2013.

Siku hizi mwenye zahanati hupeleka hesabu ya wagonjwa wilayani, na kutoka wilayani yapanda juu. Lakini hesabu hiyo yaanza baada ya mtu kufika zahanati. Sisi walimu twalo daftari linalotangulia, yaani daftari la mahudhurio. Watoto watano wa kitongoji kimoja wakikosa shule asubuhi moja, na wote wanateka maji katika kijito kimoja, daftari limekwisha kusema kabla muuguzi hajaambiwa. Vivyo hivyo mzee wa kanisa aitwaye kuzika mara mbili katika juma moja kwenye mlango mmoja. Hao ndio viongozi wa misafara wa zamani zetu, kama wakiulizwa, na kama wakisema siku yenyewe na mahali penyewe.

Na ile njia ya Christie imepata shahidi mpya. Kijidudu cha kipindupindu kina nasaba yake iliyoandikwa ndani ya mwili wake, na kila kizazi hubadilika kidogo, hata wataalamu waweza kusema hiki ni ndugu wa hiki, na hiki ni mjukuu wa kile. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya kusoma vijidudu zaidi ya 1,000, vilivyotunzwa kutoka nchi 45 za Afrika kwa muda wa karibu miaka 50. Wengi walikuwa wamedhani kwamba kipindupindu kimekwisha kuwa mwenyeji wa maji yetu, chajilalia ziwani na kuamka kwa hali ya hewa. Nasaba ilionyesha vinginevyo: tangu mwaka 1970 namna hii ya ugonjwa iliingia Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11, ikifuata watu, na kila ilipoingia ilienea hasa katika pande mbili, Afrika ya Magharibi, na Afrika ya Mashariki pamoja na Kusini. Mara nyingine ilipita kwanza katika nchi za Waarabu, kama ilivyofanya mwaka 1821 na mwaka 1865.